Datsun 160J: nataka kupiga rangi ya mikunjo kwenye kava la tapeti. Waliowahi kufanya waje hapa

Mtoto wa Sanawari

Wakuu, heshima kwenu.

Nina Datsun 160J ya 1979, nimeachiwa na baba mdogo. Injini ni ile ile L16 iliyokuja nayo, haijabadilishwa. Bodi imeshanyooshwa, rangi imepigwa, sasa nimehamia chini ya boneti. Kava la tapeti, lile linalofunika injini kwa juu, ni alumini ya kumimina. Kuna mtu huko nyuma alilipaka rangi ya fedha kwa brashi, sasa inabanduka vipande vipande, na pembeni ya kifuniko cha oili kuna uchafu mweusi ulioganda ambao petroli imeshindwa kuutoa.

Ninachotaka ni rangi nyeusi ya mikunjo. Ile ambayo ukipuliza inalala kawaida, halafu ikianza kukauka inajikunja yenyewe na kuwa na makunyanzi madogo madogo. Kopo ninalo, jamaa yangu kaniletea kutoka Dubai. Nikampa fundi wangu wa rangi, mtu mwenye jina hapa Arusha, akajaribu kwanza kwenye kipande cha bati. Imetoka laini, inang'aa, hakuna kunyanzi hata moja. Yeye anasema kopo ni feki.

Maswali: ni kopo kweli, au kuna namna yake ya kupiga? Lazima oveni? Praima, ile rangi ya msingi ya chini, inawekwa au haiwekwi? Na hii rangi ya zamani, fundi anashauri tuloweke kava kwenye kostiki soda usiku kucha itoke yenyewe. Ni sawa?

Natanguliza shukrani. Picha nitapandisha bando likikaa sawa.

Kijana wa Tabata

Nipo siti ya mbele. Na mimi nina mkweche wangu unasubiri zamu.

Gia Nne

Mkuu, hiyo si ile rangi ya nyundo wanayopiga kwenye majenereta na mashine za kuchomelea? Ipo kibao madukani, ya nini kuagiza Dubai?

Bi Karakana

Kabla ya yote: @Mtoto wa Sanawari, hilo kava lisiguse kostiki. Kostiki inakula alumini. Ukilitumbukiza litaanza kutoa povu, na ile hewa inayotoka ni haidrojeni, inashika moto. Asubuhi utatoa kava jeusi lenye vishimo, kingo za kukalia gasketi zimeliwa, herufi zimepoteza makali yake. Kostiki ni ya chuma. Vyuma tunaloweka sana, alumini hapana. Mwambie fundi atumie rimuva ya rangi, ile nzito kama uji, apake, asubiri rangi ivimbe, akwangue kwa kipande cha mbao, arudie palipobaki. Avae glavu na afanyie nje penye upepo.

@Gia Nne, hapana kaka, hivyo ni vitu viwili. Rangi ya nyundo ina chembe za alumini na silikoni kidogo, ndiyo inafanya vile vidimbwi vya duara. Ukipitisha kidole inateleza. Ya mikunjo ukipitisha kucha inakwaruza, ina matuta ya kweli. Kuna na ya tatu, ya nyufa, inayopasuka ikaonyesha rangi ya chini. Hiyo ni ya fanicha na fremu za picha, kwenye injini haina kazi. Wauzaji wanachanganya majina ya zote tatu, kwa hiyo angalia picha kwenye kopo, usisikilize anachosema muuzaji.

Gia Nne

Sawa dada, nimekaa kimya najifunza.

Mzee wa Feni Belti

Kopo halina kosa. Tatizo ni kwamba fundi wako ni mzuri.

Mpiga rangi wa magari anafundishwa hivi tangu akiwa msaidizi: koti jembamba, subiri, koti jembamba, subiri, rangi isitiririke. Mkono ukishazoea hivyo, hii rangi itamgomea, maana yenyewe inataka kinyume. Inataka unene na inataka kulowa. Vijana wanaookota kopo na kumwaga rangi ovyo ndio wanaopata mikunjo siku ya kwanza, halafu wanajiona mafundi.

Ngoja nieleze inavyofanya kazi, kwa sababu ukishaelewa hapo mengine yote yanajipanga. Rangi hizi tangu mwanzo zilitengenezwa kwa mafuta yanayokauka kwa kuvuta oksijeni, hasa mafuta ya mbegu za mti wa tung wa China, yakiwekwa dawa ya kukaushia yenye kobalti. Kobalti inakausha juu kwanza. Kwa hiyo juu inatokea ngozi wakati chini bado ni majimaji. Ile ngozi inaendelea kunywa tina (kiyeyusho cha rangi) iliyo chini yake, inavimba, inataka kutanuka, na pembeni hakuna pa kwenda. Inachoweza kufanya ni kujikunja tu. Ukipiga koti jembamba, linakauka lote kwa pamoja kuanzia juu mpaka chini, hakuna majimaji ya kuiacha ngozi iteleze, unapata rangi nyeusi ya kawaida. Hiyo ndiyo mliyoiona kwenye bati.

Sasa namna ya kupiga. Tikisa kopo mpaka kigololi cha ndani kigonge bila kukwama, halafu endelea kutikisa dakika nyingine mbili. Kama kuna baridi, liweke kopo kwenye maji ya vuguvugu. Vuguvugu, siyo ya moto, kopo la kupuliza likizidi joto linapasuka. Kava lilale bapa juu ya kitu unachoweza kukizungusha. Koti la kwanza pita kwa urefu wa kava, zito, mpaka lilowe kabisa. Subiri kama dakika tano. La pili pita kwa upana. Dakika tano tena. La tatu pita kwa mshazari. Kila koti zito, mpaka unahisi umezidisha.

Kubadilisha mwelekeo si mapambo. Unatafuta unene ulingane kila mahali, kwa sababu penye rangi nene mikunjo inakuja mikubwa, penye nyembamba inakuja midogo au haiji. Ukipita mwelekeo mmoja tu, kava litaonyesha njia za mkono wako milele.

Ubavuni ndiko kwenye kazi. Pale rangi inataka kushuka. Mimi huanza na kuta za pembeni kwa mkono mwepesi kidogo, ndipo napanda juu. Ikijikusanya kwenye ukingo wa chini, inyonye kwa ncha ya karatasi kabla haijashika. Na kingo kali rangi inazikimbia, zinabaki na mstari mwembamba usio na mikunjo. Zipitie msasa kabla, ziwe butu kidogo.

Ukimaliza koti la tatu, weka kopo chini uondoke. Usirudi kuongeza hapa na pale. Mikunjo ikishaanza na wewe ukapuliza juu yake, pale patabaki bwawa laini, na hakuna dawa isipokuwa kuvua rangi yote uanze upya. Hii rangi haina kiraka.

Na mjaribie kwenye kopo tupu la maziwa, siyo kwenye bati bapa. Kopo lina ubapa na mviringo, litakuonyesha yote mawili.

Mtoto wa Sanawari

Shikamoo mzee wangu. Nimemsomea fundi uliyoandika, kakubali kwa shingo upande, hasa pale uliposema yeye ni mzuri. 😂

Swali moja: huku Arusha Julai hii ni baridi, asubuhi ukungu unafika mpaka mlangoni. Itakubali?

Mzee wa Feni Belti

Marahaba. Itakubali lakini itakutesa. Baridi inaichelewesha, mikunjo inakuja mikubwa na ya mabaka, huku ipo, kule haipo. Joto linaileta haraka, midogo na iliyobanana. Ile ya kiwandani unayoiona kwenye magari ya zamani ni ya joto la tanuri. Pasha kava lenyewe kabla ya kupuliza, liwe la uvuguvugu mkononi, na ukimaliza lipe joto. Wa kukueleza joto bila oveni wapo humu, ngoja waje.

Msafiri wa Naivasha

Habari zenu kutoka huku Kenya. Huku Naivasha pia baridi si mchezo, na joto tunalipata bila oveni.

Pipa la mafuta lililokatwa kwa urefu, limelazwa kifudifudi, ndani kuna taa mbili za halojeni za wati 500, zile za kumulika mjengo. Pembeni tumetoboa matundu hewa ipite. Ndani kuna kipimajoto cha oveni cha bei rahisi kabisa. Tunaipeleka mpaka nyuzi 80 au 90 na kuiacha hapo nusu saa hivi. Baada ya hapo kava lipoe ndani kwa ndani, usilitoe likiwa moto ukalipeleka kwa upepo.

Lakini sikizeni: kava likiwa limetoka tu kupulizwa, usilikimbize kwa hizo taa. Liache mahali pa wazi robo saa, ule mvuke wa tina uondoke. Mvuke huo ndani ya pipa pamoja na taa ya moto ni bomu. Na oveni ya jikoni, ya mama ya kuokea keki, iacheni kabisa. Ya gesi ina moto wa wazi, na hata ya stima itanukia tina mpaka Krismasi.

Mwenye hana pipa atumie drai ya nywele. Weka mbali kidogo, usisimame mahali pamoja, zungusha. Utaona mikunjo ikikimbia mbele ya hewa, ni kitu ya raha sana kuangalia. Ikishaanza sehemu moja, peleka joto sehemu ile bado, ndio zifikiane.

Kijana wa Tabata

Drai ya nywele ya saluni! Wife atanifukuza.

Bi Karakana

Mmeanza na kupuliza, mimi narudi nyuma kidogo, kwa sababu rangi hii ikikunjika vizuri halafu ikabanduka baada ya miezi miwili, mikunjo haikusaidii kitu.

Kava la injini ya zaidi ya miaka 40 limekunywa oili. Alumini ya kumimina ina vitundu vidogo visivyoonekana, na oili imeingia humo kwa miaka yote hiyo. Ukiifuta kwa tina juu inaonekana safi. Ukiipasha moto inatoka jasho. Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: mafuta ya taa na brashi kwanza kuondoa yale magumu, halafu sabuni ya unga na maji ya moto, suuza sana, kausha. Halafu pasha kava, kwenye hilo pipa la ndugu yetu wa Naivasha au hata juani likiwa juu ya bati, liwe la moto kushinda mkono. Angalia. Kwenye kona na karibu na kifuniko cha oili utaona panang'aa, panatoa unyevu. Hiyo ni oili. Futa kwa kitambaa cheupe chenye tina, pasha tena, futa tena, mpaka kitambaa kirudi cheupe.

Kipimo cha mwisho ni maji. Mwagia maji safi juu yake. Yakitandaa utando mmoja mpaka pembeni, kava ni safi. Yakijikusanya matone matone mahali, hapo bado pana mafuta, rudia. Kausha vizuri baada ya hapo, na kuanzia hapo usilishike kwa mkono mtupu, vidole vina mafuta.

Msasa: namba 180 kisha 240. Usilainishe zaidi, rangi inahitaji pa kushika.

Na dawa za kung'arishia dashibodi na tairi zikae mbali na eneo la kupuliza. Zina silikoni. Chembe ikitua kwenye kava, rangi inaikimbia na kuacha kitundu cha duara, na hutakitoa kwa kuongeza rangi.

Praima mimi naweka. Epoksi ya sehemu mbili, koti moja, naiacha ikomae kabisa, naikwaruza kidogo kwa msasa, ndipo rangi ya mikunjo. Praima ya kopo ya kawaida siiamini, kwa sababu makoti matatu mazito ya hii rangi yana tina nyingi, yanaweza kuivimbisha ile ya chini.

Mzee wa Feni Belti

Hapo kwenye praima mimi na Bi Karakana tunatofautiana tangu zamani. Alumini iliyokwaruzwa na kusafishwa kama alivyoeleza, mimi napiga moja kwa moja. Kadiri unavyoongeza tabaka ndivyo unavyoongeza mahali pa kuachana. Kwenye kava la bati naweka praima, kwa sababu bati linashika kutu. Kwenye alumini sioni sababu.

Bi Karakana

Sababu ni ukungu wa Arusha, mzee. Alumini nayo inaota unga mweupe chini ya rangi ikipata unyevu. Lakini tumeshabishana hili vya kutosha, mwenye kava achague.

Bin Makunduchi, Maskati

Asalaam alaykum wote. Nimesoma mpaka hapa sijaona mtu aliyetaja kupiga mchanga, na najua kuna mtu atamshauri huyu kijana apeleke kava likapigwe mchanga kwa kompresa. Huku Maskati ndiyo njia ya kwanza kila mtu anayoikimbilia, dakika kumi kava jeupe.

Geuza kava utazame ndani. Kuna kibati kimefungwa pale karibu na tundu la kupumulia injini, kazi yake kuzuia oili isirushwe kwenye mpira wa kupumulia. Nyuma ya kile kibati kuna uwazi. Mchanga ukiingia hapo hautoki. Utapuliza hewa, utaosha, utatikisa, utadhani umekwisha. Ukishafunga kava na kuwasha gari, oili ya moto inarukia pale, inalainisha, chembe zinaanza kushuka moja moja kwenye kemshafti, zinafika kwenye pampu ya oili, zinafika kwenye bearingi. Jirani yangu alipoteza injini nzima ya gari alilolitengeneza kwa miaka, na kava lilikuwa linapendeza mno, wallahi.

Kama lazima upige mchanga, kifungue kile kibati kwanza. Kama hakifunguki, ziba kabisa upande wote wa ndani, au achana na mchanga utumie rimuva na brashi ya waya laini. Ya shaba, siyo ya chuma.

Mtoto wa Sanawari

Wa alaykum salaam mzee wangu. Nimegeuza kava sasa hivi. Kibati kipo. Na fundi alishanipa namba ya mtu wa kupiga mchanga Njiro. Nimeifuta.

Purist wa Ngong Road

Samahani wakuu, mimi nitasema kitu ambacho hamtakipenda. L16 haikutoka kiwandani na mikunjo. Kava la L16 ni alumini tupu. Ukilipiga nyeusi ya mikunjo umelitoa kwenye asili yake, na 160J si gari la kuchezea. Hilo ndilo gari Shekhar Mehta alilochukua nalo Safari Rally 1979 na 1980, kisha 1981 na 1982 akarudia na Violet GT, ndugu yake wa damu. Ukiongeza 1973 aliposhinda na 240Z, ni mara tano, na zote ni Datsun.

Mkiwahi kuja kwa Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, lile shindano la magari yaliyotunzwa linaloandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo, mtaona majaji wakifungua boneti na kuinama. Ningekuwa wewe ningeling'arisha lile alumini nikaliacha hivyo.

Kijana wa Tabata

Gari ni lake bana.

Mzee wa Feni Belti

Ana haki ya kusema, usimkatize. Kuhusu L16 yuko sahihi kabisa, kava lake halikuwa na mikunjo. Lakini alumini tupu iliyochakaa, yenye vishimo vya kutu nyeupe na mikwaruzo ya bisibisi, huwezi kuing'arisha ikarudi kama mpya bila kuikwangua nyama. Hapo ndipo mikunjo inapofaa. Inaficha makosa ya chini. Ndiyo maana viwanda viliipenda zamani: kitu cha kumimina kinatoka kwenye kalibu na ukwaruzo, badala ya kukijaza puti na kukisugua, unapiga koti la mikunjo, biashara imekwisha. Taipureta, redio za jeshi, kamera, dashibodi za magari. Kwenye dashibodi kuna faida ya ziada, haimeti machoni.

Magari yaliyotoka nayo kiwandani yapo. Ferrari za miaka ya 50 na 60 zenye silinda 12 zilikuwa na makava meusi ya namna hii, na 250 Testa Rossa ya mashindano makava yake mekundu. Chrysler nao, ile injini ya Hemi ya 426 waliyoiweka kwenye magari ya barabarani kuanzia 1966, makava yake meusi ya mikunjo. Kwa hiyo kijana akisema anataka sura ya enzi, hajakosea enzi, amekosea gari tu. 😄

Mjukuu wa Uvira, Ohio

Salamu kwenu wote kutoka Dayton, Ohio. Nimeona mzee ametaja mambo ya zamani nikashindwa kunyamaza, maana hii rangi ina historia katika mji huu ninaoishi.

Kampuni iliyokuwa inashika hati za uvumbuzi wa rangi ya mikunjo iliitwa New Wrinkle, na ilikuwa hapa hapa Dayton. Yenyewe haikuwa na shida ya kuuza rangi. Ilikuwa inauza leseni. Karibu watengenezaji wote wa rangi hii Marekani walichukua leseni kwake, na ndani ya leseni kulikuwa na kifungu cha bei ya chini: usiuze chini ya hapa. Serikali ikawashitaki kwamba huo ni mpango wa kupanga bei kwa kujificha nyuma ya hati za uvumbuzi. Kesi ikafika mpaka Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 1952 majaji wakakubaliana na serikali kwamba mpango wa namna hiyo unavunja sheria ya ushindani. Mpaka leo wanafunzi wa sheria huku wanaisoma.

Kwa hiyo yule anayelalamika kopo ni ghali ajue malalamiko hayo hayakuanza leo.

Gia Nne

Duh. Rangi ya kava la tapeti imefika Mahakama Kuu ya Marekani. Humu ndani mtu unaingia kuuliza gasketi unatoka na shahada.

Turbo Mbezi

Wakuu, mimi gari langu si la zamani sana, Impreza STI, manifoldi ya kuingizia hewa ile nyekundu ya mikunjo imepauka na imeanza kubanduka. Nifuate hatua hizi hizi? Na je, naweza kupiga na manifoldi ya ekzosi ifanane?

Bi Karakana

Ya kuingizia hewa ndiyo, hatua zile zile, ila ziba matundu yote ya sensa na midomo ya kukalia gasketi, na ukimaliza kagua kila njia ya hewa kwa tochi kabla ya kufunga.

Ya ekzosi hapana. Makopo haya kikomo chake ni kama nyuzi 175 hivi, soma kwenye kopo lako. Kava la tapeti haliendi mbali zaidi ya joto la oili, linavumilia. Ekzosi inapita hapo mara kadhaa, rangi itaungua, itatoa moshi, itabaki majivu. Na @Mtoto wa Sanawari kumbuka L16 ekzosi na kabureta ziko upande mmoja, petroli ikivuja kwenye kabureta inaweza kurukia kava. Rangi iliyokomaa kwa joto inavumilia tone la petroli ukilifuta mapema. Mafuta ya breki haivumilii hata kidogo. Ukimwagikia mafuta ya breki, maji mengi hapo hapo.

Mtoto wa Sanawari

Wakuu, mrejesho.

Kava limekubali. Rimuva, sabuni, kupasha na kufuta kama alivyoagiza Bi Karakana. Jasho la oili nimeliona kwa macho yangu, kwenye kona ya nyuma karibu na tundu la kupumulia, panafuta na panarudi. Praima nimeweka, mzee utanisamehe. Fundi alipuliza mwenyewe, mimi nikisimama pembeni nasema "ongeza, ongeza", na yeye anatikisa kichwa. Koti la tatu lilikuwa zito kiasi kwamba alitaka kuifuta. Tukaliacha nje kwanza, kisha kwenye pipa la taa. Ikaanzia pembeni, mistari myembamba sana, halafu ikaingia katikati taratibu, na ule mng'ao wa maji ukazimika kipande kwa kipande mpaka kava lote likawa jeusi lisilometa. Fundi kaniuliza kopo linauzwa wapi.

Kuna sehemu moja tu ubavuni, upande wa plagi, mikunjo ni mikubwa kuliko kwingine. Sitaigusa.

Limebaki jambo la herufi zilizoinuka. Nataka zing'ae alumini. Nakwangua lini na kwa kitu gani? Na solotepu niliyozibia tundu la oili nitoe sasa au ikishakomaa?

Bi Karakana

Hongera sana! Solotepu toa sasa hivi, rangi ikiwa imeshakunjika lakini bado ina ulaini. Ikikomaa itachanika na ukingo utabaki na meno. Ivute polepole ukiilalia kwenye kava, usiivute kwenda juu.

Herufi subiri mpaka ikomae kabisa na ipoe. Msasa uuzungushie kwenye kitu kigumu na bapa, kipande cha mbao ngumu au kioo kinene. Kamwe usitumie kidole. Kidole kinazama kati ya herufi, unakula mikunjo ya chini. Anza na 240 mpaka rangi iondoke juu ya herufi zote, maliza na 400, mwelekeo mmoja tu. Alumini itapoteza mng'ao baada ya muda, utaipitia tena 400 kwa dakika moja, yatosha.

Na sehemu za kukalia bolti, zile duara, hakikisha hazina rangi. Rangi ya mikunjo chini ya washa inasagika, bolti inalegea yenyewe, oili inaanza kuvuja na utalaumu gasketi. Bolti zenyewe ni zile ndogo za spana namba 10, zikaze kwa msalaba, kwa mkono wa kawaida. Weka gasketi mpya, usiirudishe ile ya zamani.

Msafiri wa Naivasha

Na ukishaanza kuendesha: vumbi. Kwa barabara ya murram mikunjo hushika vumbi jekundu kabisa. Mswaki laini na maji ya sabuni, injini ikiwa baridi. Usikubali mtu wa karwashi akupigie maji ya presha hapo ama apake dizeli ing'ae.

Purist wa Ngong Road

Picha iko wapi? Nataka kuona hata kama sikubaliani.

Mtoto wa Sanawari

Napandisha kesho mchana nikipata Wi-Fi ya ofisini.

Kijana wa Tabata

Mkuu, kopo limebaki? Corolla yangu kava ni la bati, dogo tu. Niuzie kilichobaki nije nichukue nikipanda huko.

Mtoto wa Sanawari

Limebaki robo hivi kaka, lakini haitoshi makoti matatu mazito. Utaishia koti moja na nusu, itoke laini. Agiza lako zima, na kwa kuwa ni bati weka praima, hapo hata mzee na Bi Karakana wamekubaliana.